Godoro na Matandiko Salama ya Mtoto Mchanga: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kuchagua na Kutandika

Watu wazima tunachagua godoro kwa kiganja. Tunalibonyeza, tukiona mkono unazama taratibu tunasema hili ndilo lenyewe. Kwa mgongo wako huenda ni kweli. Kwa mtoto wa wiki tatu, godoro hilohilo ni la kuachwa dukani. Mwili wake haujajengwa kama wako, na kinachokupa wewe usingizi mzuri ndicho kinachoweza kumziba pumzi.

Kitanda salama cha mtoto mchanga kinatakiwa kionekane kama cha mtu aliyeanza kutandika akaitwa kabla hajamaliza: godoro gumu, shuka moja lililovutwa likakaza, basi. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kufika hapo, kuanzia kipimo cha kitanda hadi siku mtoto anapokihama.

Kwanza, ielewe hatari yenyewe

Kichwa cha mtoto anayezaliwa ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo bado haina nguvu ya kukibeba. Mtu mzima uso wake ukizama kwenye mto, hugeuza kichwa bila hata kuamka. Mtoto wa miezi miwili huenda asiweze. Uso wake ukilala kwenye kitu laini, panatokea kishimo kinachozunguka pua na mdomo. Hewa anayoitoa haitawanyiki, inabaki palepale, naye anaivuta tena. Kila pumzi oksijeni inapungua na kaboni dioksidi inaongezeka. Yote haya yanaweza kutokea kimyakimya, mzazi akiwa amelala hatua mbili tu kutoka hapo.

Vifo vya ghafla vya watoto wachanga hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na sehemu kubwa ni kabla ya miezi sita. Hiyo ndiyo miezi ya kuwa mkali kuliko yote. Tunajua pia kwamba namna ya kumlaza mtoto ina uzito mkubwa, kwa sababu matokeo yalionekana. Uingereza ilianza kampeni ya kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikaanza yake mwaka 1994, na katika nchi zote mbili vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Wazazi walibadilisha tu namna ya kuwalaza watoto wao.

Kwa hiyo shika haya kabla hujatoa fedha yoyote: mtoto alale chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku, alale mahali pake peke yake, pagumu na bapa, pasipo kitu kingine, na mahali hapo pawe ndani ya chumba unacholala wewe, angalau kwa miezi sita ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima kitanda kabla ya godoro

Wengi hununua godoro zuri kisha wanahangaika kuliingiza kitandani. Anza na futi ya kupimia. Pima ndani ya kitanda, urefu na upana, usitegemee namba zilizoandikwa kwenye boksi. Vitanda vingi vya Uingereza huchukua godoro la sentimita 60 kwa 120, au 70 kwa 140 kwa vile vikubwa vinavyogeuzwa baadaye. Vile vya Marekani huchukua la takriban sentimita 70 kwa 132. Hapo ndipo watu hukosea: godoro la sentimita 120 kwenye kitanda cha 132 linaacha mwanya wa sentimita 12, na mwanya huo unatosha kabisa kumnasa mtoto. Kuujaza kwa taulo au nguo hakusaidii, maana umeongeza kitu laini palepale uso wake utakapoegemea.

Godoro likishaingia, lisukume lote mpaka ligote upande mmoja. Sasa angalia upande wa pili. Vidole viwili vya mtu mzima vikipita kwa nafasi, godoro hilo ni dogo kwa kitanda hicho. Fanya hivyo pande zote nne, na pembe usizisahau, kwa kuwa magodoro mengi huwa na pembe za mviringo wakati kitanda kina pembe kali.

Ukiwa umeinama hapo, kagua na kitanda chenyewe. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Kopo la soda lisipite. Chaga zibonyeze moja moja kwa uzito wa mkono, na skrubu zikazwe zote, kwa sababu chaga ikishuka upande mmoja, godoro linainama na mtoto anaviringika kuelekea upande huo. Vitanda vya zamani ambavyo ubavu wake mmoja unateremka kwa kuvutwa, mimi nashauri usivitumie kabisa hata kama umepewa na ndugu kwa nia njema. Marekani ilipiga marufuku vitanda hivyo mwaka 2011, baada ya watoto kunaswa ubavu ulipochomoka.

Unene wa godoro nao una kikomo. Sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Godoro likiwa nene zaidi, linamwinua mtoto karibu na ukingo wa juu. Viwango vya Ulaya vinataka, godoro likiwa limeshushwa mpaka chini kabisa, ubaki angalau sentimita 50 kutoka juu ya godoro hadi juu ya ubavu. Ukikiona kitanda kina mstari uliochorwa ndani kuonyesha mwisho wa unene wa godoro, uheshimu.

Hatua ya 2: Pima ugumu

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Weka kiganja katikati ya godoro, bonyeza kwa nguvu, kisha ondoa mkono ghafla. Godoro linalofaa linakupinga, na likiachiwa linarudi mara moja. Alama ya mkono ikibaki hata kwa muda mfupi, liache. Rudia kwenye kingo na pembeni, kwani magodoro ya bei ndogo huwa magumu katikati na kulegea kandokando, na watoto hujisogeza wanapolala. Sponji ile inayokumbuka umbo la mwili, nzuri sana kwa mgongo wa mtu mzima, haifai kabisa kwa mtoto mchanga. Inafanya kile hasa tunachokiogopa: inachora umbo la uso na kulishikilia.

Kiganja kinaweza kudanganya, hasa kama umezoea kulala kwenye kitu laini. Kuna jaribio la nyumbani lililobuniwa Australia ambalo linaondoa ubishi. Tafuta CD 12 na pakiti mbili za maziwa za lita moja moja, ambazo hazijafunguliwa na zina pande bapa. Panga CD zote rundo moja, ziweke mahali unapoona ni laini kuliko pote kwenye godoro. Pima sentimita 4 kutoka ncha ya pakiti moja na uweke alama. Ilaze ubavu juu ya CD ili sehemu hiyo ya sentimita 4 ining'inie nje ya rundo. Juu yake laza pakiti ya pili. Sasa inama uangalie kwa chini. Ikiwa ncha inayoning'inia imegusa godoro, hata kidogo, godoro hilo ni laini mno kwa mtoto. Ikiwa mwanga unapita chini yake, limefaulu.

Jaribio hilo linalifaa pia godoro lililoko nyumbani tayari. Sponji huchoka. Godoro lililofaulu kwa mtoto wa kwanza linaweza lisifaulu kwa wa pili.

Yapo magodoro ya pande mbili, mmoja mgumu wa mwaka wa kwanza na mwingine laini kidogo kwa mtoto anayetembea. Si mabaya, lakini yana hatari yake: mtu anayebadilisha shuka saa nane za usiku anaweza kuligeuza bila kujua. Ukinunua la namna hiyo, andika kwa kalamu ya wino usiofutika upande ule laini: "Usimlaze hapa".

Na usijiulize kama ataumia kwa ugumu huo. Hajui raha ya godoro laini na haimkoseshi kitu. Akilia akiwekwa kitandani, analilia joto la mwili wako na harufu yako, na hivyo havipo kwenye godoro lolote.

Hatua ya 3: Chagua kilichomo ndani

Kwa upande wa usalama wa pumzi, sponji, springi, nyuzi za nazi na mpira asilia vyote vinaweza kufaa, mradi godoro limefaulu jaribio la ugumu. Sponji ni nyepesi, rahisi kuinua unapobadilisha shuka, ila uliza juu ya uzito wake kwa ujazo: sponji nzito hukaa na umbo lake muda mrefu kuliko ile nyepesi. Springi hudumu, ila godoro huwa zito, na ubora wake unategemea tabaka lililo juu ya vyuma. Nyuzi za nazi ni ngumu kwa asili na hupitisha hewa, lakini zikilowa mpaka ndani hukauka kwa shida, hivyo kava lisilopenyeza maji ni la lazima.

Sponji mpya ina harufu. Ifungue, iegemeze mahali penye hewa siku kadhaa kabla mtoto hajalala juu yake. Nembo kama OEKO-TEX Standard 100 au GOTS zinaonyesha kwamba kitambaa au malighafi imepimwa kwa kemikali hatari. Ni nembo za maana. Usizichanganye tu na uthibitisho wa usingizi salama, kwa kuwa godoro linaweza kuwa na pamba safi kuliko zote na bado likawa laini mno.

Neno la kuangalia kwa makini ni "linapitisha hewa". Wauzaji wanalipenda, na bei yake huwa juu. Hakuna godoro linalokuruhusu kumlaza mtoto kifudifudi kwa sababu eti atapumua kupitia humo. Kama limefaulu kwa ugumu na kipimo na bado linapitisha hewa, sawa. Kama hiyo ndiyo sifa yake pekee, fedha yako ina kazi nyingine.

Utasikia pia kwamba godoro lifungwe nailoni nzito kuzuia gesi za sumu zinazotoka ndani yake. Nadharia hiyo ilizua hofu kubwa miaka ya 1990. Uingereza iliunda kamati ya wataalamu kuichunguza, na ripoti yake ya mwaka 1998 haikukuta ushahidi kwamba gesi hizo ndizo zinazosababisha vifo. Nailoni iliyolegea, kwa upande mwingine, ni hatari inayojulikana: inanasa kwenye uso na kuziba pumzi. Ondoa ile nailoni ya dukani na uitupe siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Godoro lililokwisha kutumika

Si kila mtu anaweza kununua jipya, na nguo au kitanda cha kurithi havina tatizo vikikaguliwa. Godoro ni jambo jingine. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta uhusiano kati ya godoro lililokwisha kutumiwa na mtoto mwingine na vifo vya ghafla, na uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi godoro likitoka nyumba nyingine. Uhusiano si uthibitisho wa sababu, lakini unatosha kunifanya niseme hivi: kama kuna kitu kimoja tu utakachonunua kipya, kiwe godoro. Punguza kwenye mapambo, kwenye seti za matandiko, kwenye vidude vya kuning'iniza.

Kama la zamani ndilo lililopo, liwe la nyumba yako mwenyewe, liwe lilifunikwa vizuri kwa kava tangu mwanzo bila kulowa ndani, lisiwe na bonde katikati, mpasuko wala harufu ya ukungu, na lifaulu jaribio la CD. Likishindwa moja kati ya hayo, jambo limekwisha.

Hatua ya 5: Kava na shuka

Kava la kuzuia maji linatakiwa liwe jembamba na lilingane na godoro kama ngozi yake. Makava yaliyojazwa pamba kwa ajili ya starehe huongeza tabaka laini juu ya godoro ulilolitafuta kwa bidii liwe gumu. Kwa sababu hiyohiyo usiweke juu ya godoro ngozi ya kondoo, mfarishi, blanketi lililokunjwa wala godoro dogo la ziada.

Shuka liwe la kuvalisha, lenye mpira kuzunguka kingo zote, la kipimo kilekile cha godoro. Likishavaa, ulizungushe mpira mpaka chini ya godoro kwa kina cha kutosha. Kisha fanya jaribio dogo: shika shuka katikati kwa vidole viwili ulivute juu. Linapaswa kuinuka kidogo tu na kurudi. Sasa vuta pembe moja kwa nguvu ya mtoto anayevuta nywele zako. Pembe ikichomoka, halifai, kwa kuwa shuka lililochomoka usiku linageuka kitambaa kilicholegea karibu na uso.

Kuna na kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana. Shuka la pamba husinyaa likifuliwa kwa maji ya moto. Ukililazimisha, linavuta pembe za godoro juu na kulipinda, na mianya inatokea pembeni. Fua shuka jipya mara moja kabla ya kulitumia, livalishe, kisha rudia jaribio la vidole viwili kwenye mwanya. Ni dakika chache.

Mashuka matatu au manne na makava mawili yanatosha kabisa. Wengine hupanga tabaka usiku: kava, shuka, kava, shuka, ili mtoto akilowesha wavue la juu tu. Ni ujanja mzuri kama makava ni membamba na kila tabaka limekaza. Usiongeze la tatu.

Hatua ya 6: Vitu vya kuviondoa

Orodha ni fupi ukiielewa: kila kitu. Mto, hata ule unaouzwa kwa kudai unazuia kichwa kubonyea. Mito ya kuzungushia ubavu wa kitanda. Mdoli. Mfarishi. Vitanda vidogo vya kiota vyenye kingo nene vinavyowekwa ndani ya kitanda. Vizuizi vya kumshikilia alale ubavu.

Mito ya ubavuni inastahili maneno zaidi, kwa sababu inauzwa kwa jina la usalama. Hoja ni kwamba mtoto asigonge kichwa kwenye fito. Mtoto mchanga hana nguvu ya kujiumiza hivyo, na mguu ukipenya katikati ya fito atalia utautoa. Uso ukibanwa kati ya godoro na mto huo, hawezi kulia. Akikua kidogo anaupanda kama ngazi. Mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria inayozuia kuuzwa kwa mito hiyo, pamoja na vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinuko wa zaidi ya nyuzi 10.

Mwinuko huo unatuleta kwenye hofu ya kweli ya wazazi wengi: kucheua. Anayeona maziwa yakitoka mdomoni na puani usiku anataka kuinua kichwa cha mtoto, hivyo anaweka taulo chini ya godoro. Angalia kinachotokea ndani ya mwili. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na umio, yaani njia ya chakula, uko chini yake. Maziwa yakipanda, yanabaki nyuma ya koo, chini, na ili yaingie kwenye njia ya hewa yangehitaji kupanda. Mtoto anameza au anakohoa. Akiwa kifudifudi mpangilio unageuka: umio uko juu, na maziwa yana njia ya kuteremka kwenye njia ya hewa. Kwa mtoto mwenye afya njema, kulala chali hakuongezi hatari ya kupaliwa.

Nalo godoro lililoinuliwa linamfanya ateleze kuelekea miguuni, ajikunje, kidevu kiangukie kifuani. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba. Kidevu kikishuka inabanwa. Kama kucheua kunamkosesha uzito, kunaambatana na damu au rangi ya kijani, au pumzi inakatika, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari haraka, wala si wa kuinuliwa kwa taulo. Mtoto mwenye maradhi maalumu atalazwa kama daktari wake alivyoelekeza.

Hapa ndipo utakapokutana na wapendwa wako. Bibi atakuja na mto alioushona kwa mkono wake, na upendo wake ni wa kweli. Usimwambie alilea vibaya. Mwambie: "Mama, ahsante sana. Huu tunautunza, atauanza akishavuka mwaka. Kwa sasa kliniki wamekataza kitu chochote kitandani." Maneno ya kliniki huwa mepesi kupokelewa kuliko ya mkwe. Kisha umwonyeshe namna ya kumlaza, kwa sababu huenda yeye ndiye atakayekuwa na mtoto mchana, na mtoto aliyezoea kulala chali akilazwa ghafla kifudifudi yuko hatarini zaidi.

Hatua ya 7: Joto bila blanketi

Joto kupita kiasi ni hatari yenyewe, pembeni ya kuzibwa pumzi. Mvalishe nguo kama zako na tabaka moja la ziada, lisizidi. Kofia ivuliwe ndani ya nyumba, kwani mtoto hupoza mwili wake zaidi kupitia kichwa.

Mfuko wa kulalia, ule wa kuvaliwa wenye mashimo ya mikono, ndio mbadala mzuri wa blanketi. Uzito wake wa joto huandikwa kwa kipimo cha TOG. Kwa kawaida TOG 0.5 ni ya chumba cha nyuzi joto 24 na zaidi, 1.0 ni ya kati ya 20 na 24, na 2.5 ni ya kati ya 16 na 20. Kipimajoto cha ukutani kitakusaidia kuliko kukisia. Tundu la shingo ndilo la kukagua: kichwa kisiweze kupenya kikaingia ndani. Usinunue mfuko mkubwa ili aukulie. Na mifuko au nguo za kumviringisha zilizowekewa uzito ndani, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri zisitumike.

Kama huna mfuko, blanketi jembamba linaweza kutumika kwa namna inayofundishwa Uingereza: miguu ya mtoto iguse mwisho wa kitanda, blanketi lifike mabegani tu, na kingo zake zichomekwe kwa nguvu chini ya godoro pande tatu. Madaktari wa watoto wa Marekani hawakubali blanketi hata kwa namna hiyo, na mimi nikiwa na uchaguzi nachukua mfuko au nguo ya ziada.

Kupima joto lake, gusa kifua au nyuma ya shingo. Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa ya baridi na haisemi lolote. Shingo yenye jasho au kifua cha moto: toa tabaka moja mara hiyo.

Kumviringisha kwa nguo kunatuliza wengi, ila awe chali, nyonga ziwe huru kukunja, na kuachwe mara anapoonyesha dalili za kutaka kujigeuza, ambazo huanza karibu na miezi mitatu au minne. Mtoto aliyefungwa mikono akigeuka kifudifudi hana cha kujiinulia.

Mahali pa kitanda, na chandarua

Kiweke mbali na dirisha lenye kamba za pazia, nyaya na waya wa kamera. Kila kamba inayofikika inaweza kuzunguka shingo. Chandarua kama kinahitajika, kitundikwe juu imara, kiteremke nje ya kitanda chote na kichomekwe chini ya godoro kikiwa kimekaza, kisiweze kuangukia uso wala kuvutwa ndani. Vidude vya kuning'inia viondoke anapoanza kujiinua kwa mikono.

Safarini

Kitanda cha kukunja kina godoro lake jembamba, na kila anayeligusa husikitika na kutaka kuongeza jingine. Usiongeze. Kuta zake ni za kitambaa, zinasukumika. Godoro la ziada linaacha mfuko kati yake na ukuta ambamo mtoto huteleza. Tumia lililokuja nacho tu. Kiti cha gari ni cha gari: ukifika, mhamishie sehemu bapa. Na kuliko popote pengine, usikubali usingizi ukuchukue kwenye sofa ukiwa naye. Ukihisi macho yanafumba, inuka umlaze.

Anapokua

Akianza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, endelea kumlaza chali, lakini akijipindua usingizini huna haja ya kumrudisha kila mara. Ndiyo sababu kitanda kilitakiwa kiwe kitupu. Akianza kukaa, shusha godoro ngazi moja. Anapokaribia kusimama kwa kushika ubavu, lishushe mpaka mwisho, na ufanye hivyo kabla ya siku hiyo, si baada yake.

Kila wiki, unapobadilisha shuka, lisimamishe godoro lipate hewa, pitisha mkono kutafuta bonde, na tazama zipu na mishono. Mkojo ukipenya, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, likauke kabisa pande zote kabla ya kulirudisha. Kaza skrubu kila mwezi.

Mto na blanketi dogo vinaweza kungoja mpaka avuke miezi 12, na hakuna haraka. Anapofikisha urefu wa karibu sentimita 90, au mara ya kwanza anapovusha mguu juu ya ubavu, kitanda hicho kimemaliza kazi yake. Mhamishie kwenye kitanda cha chini siku hiyohiyo, hata kama bado ni mdogo kwa umri.